JUMAMOSI MBILI ZA KISUMU

Msomaji mpenzi, liko swali moja ambalo katika barza zetu za pwani halina mwisho. Likizikwa jioni hii, hufufuka jioni ya kesho pamoja na kahawa chungu na kashata: je, kiongozi ni heri aogopwe au ni heri apendwe? Wako wazee watakaokwambia kwamba punda haendi bila kigongo, na binadamu naye ni vivyo hivyo. Wako wengine watakaojibu kwamba maneno matamu ndiyo humtoa nyoka pangoni, na kigongo humfanya azidi kujichimbia. Mimi katika ubishi huo nimekaa miaka mingi upande wa mapenzi, na nilidhani hoja yangu naijua kama niijuavyo Alhamdu.

Basi nilifunga safari. Nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa, nikabadilisha Nairobi, na jua lilikuwa likizama ziwani nilipoteremka Kisumu, mji ule ule ambao reli yetu ya Mombasa iliufikia mwaka 1901. Nilikwenda kuona kwa macho yangu mahali pawili ambapo swali hili liliwahi kuulizwa, si kwa maneno ya barzani, bali kwa umati wa watu. Mahali pa kwanza ni hospitali, pa pili ni uwanja wa mpira. Na kwa ajabu ya siku, mambo yote mawili yalitukia Jumamosi, mwezi wa Oktoba, na baina yake imepita miaka 56 kasoro juma moja.

JUMAMOSI YA KWANZA

Hospitali iko kando ya barabara iendayo Kakamega. Leo inaitwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwambie mwendesha bodaboda akupeleke "Russia" naye hatakuuliza mara ya pili. Jina hilo lilitokana na msaada wa Urusi ya Kisovieti uliotumika kuijenga, siku ambazo Jaramogi alikuwa na usuhuba na nchi zile.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais, Mzee Jomo Kenyatta, alifika kuifungua rasmi. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Miezi mitatu tu kabla yake, tarehe 5 Julai, Tom Mboya alikuwa amepigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, na nyoyo za watu wa ziwani zilikuwa hazijapoa. Jaramogi, aliyekuwa Makamu wa Rais mpaka mwaka 1966, sasa alikuwa kiongozi wa chama cha upinzani, KPU, ambacho alama yake ilikuwa dume la ng'ombe. Watu walipomwona Rais wakapaza sauti: "Dume! Dume!" Wazee wale wawili wakarushiana maneno mbele ya kadamnasi. Rais akasema kwa ghadhabu, akawaonya wapinzani wake kwamba watasagwa kama unga. Mawe yakarushwa. Kisha zikafuata risasi, na risasi hazikukomea hapo penye sherehe, bali ziliendelea kando ya barabara msafara ulipokuwa ukitoka mjini. Idadi ya waliokufa iliyotolewa wakati ule ni watu wapatao 11. Wenyeji hutaja zaidi ya hapo, na hutaja watoto miongoni mwao.

Siku 5 baadaye, tarehe 30 Oktoba, KPU ikapigwa marufuku. Jaramogi na wenzake wakatiwa kizuizini, naye hakutoka mpaka mwaka 1971.

Sasa, msomaji wangu, la kusikitisha zaidi katika habari hii ni kwamba watu wale wa ziwani hawakuwa watu wasiompenda Kenyatta. Mwaka 1958, Mzee alipokuwa angali kifungoni na jina lake likitajwa kwa kunong'onezana, ni Jaramogi huyu huyu aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba viongozi wa kweli wa Waafrika wa Kenya ni Kenyatta na wenzake waliofungwa. Wakubwa wa kizungu walipandwa na hasira, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walimwona amepita kiasi. Mwaka 1961, KANU iliposhinda uchaguzi, ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, na Jaramogi alikuwa mbele katika msimamo huo. Yaani aliyekuja Kisumu siku ile ya 1969 alikuwa mtu mwenye akiba kubwa ya mapenzi. Akiba hiyo iliteketea alasiri moja.

Nilisimama langoni pa hospitali nikitazama wagonjwa wakiingia na jamaa zao wakitoka na vyombo vya chakula. Nikajiuliza: siku ile nani alishinda? Mwenye bunduki alipata alichokitaka, yaani kimya. Lakini Mzee Kenyatta alitawala karibu miaka 9 mingine, mpaka alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, na katika miaka yote hiyo hakurudi tena Kisumu. Rais wa nchi nzima, majeshi yote chini ya amri yake, na mji mmoja wa nchi yake ukawa haumpitiki. Ama kwa hakika hofu ni fimbo yenye ncha mbili. Aliyewatia watu hofu, naye alibaki na hofu ya kuwarudia.

Wala sisi wa pwani tusidhani kwamba kigongo kile kilikuwa cha watu wa ziwa peke yao. Miezi michache kabla ya risasi za Kisumu, kijana wetu wa Mombasa, mshairi Abdilatif Abdalla, alihukumiwa kifungo kwa ajili ya waraka wake uliouliza Kenya yaenda wapi. Alikuwa upande wa KPU, chama cha yule mzee wa ziwani. Alifungwa miaka 3, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho mwaka 1974 kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo iliyobeba jina la aliyeogopwa ikamwendea aliyefungwa. Kigongo kiliweza kuufunga mwili wa mshairi, lakini kauli yake hakikuiweza.

HOJA YA WENYE KIGONGO

Hata hivyo insafu ni kitu kizuri, na wenye kigongo wana hoja yao. Bwana mkubwa wa hoja hiyo ni Niccolò Machiavelli wa Florence, aliyeandika kitabu chake juu ya watawala mwaka 1513. Alisema kwamba ni bora mtawala apendwe na aogopwe pia, lakini kwa kuwa mambo hayo mawili ni shida kukutana, basi heri aogopwe. Sababu yake ni ya mtu aliyeishi na watu: mapenzi yamo mikononi mwa wapendao, nao wanaweza kuyaondoa wakati wowote, ama hofu imo mkononi mwa mtawala mwenyewe. Wengi wamnukuuo huishia hapo. Wanasahau kwamba papo hapo aliweka sharti: mtawala aogopwe, lakini ajihadhari sana asichukiwe.

Kisumu inatuonyesha ugumu wa sharti hilo. Hofu haikai mkononi mwa mtawala kama alivyodhani Machiavelli. Inakaa kidoleni mwa askari. Mtawala hutoa neno moja la ukali, na askari aliye mbali, aliyeingiwa na wasiwasi, ndiye huamua neno hilo litawaua wangapi. Na likishaua, hofu haiwi hofu tena, inakuwa chuki, ambayo watoto huirithi pamoja na majina ya babu zao.

Kisha liko jambo jingine ambalo Machiavelli hakulitilia maanani ya kutosha, na hili nalijua kwa kuwa nimelifanya. Hofu humnyima mtawala habari. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Sasa mkono unaobusiwa utajuaje kwamba hauna anayeupenda?

Nilipokuwa mwandishi kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipelekwa kuandika habari za ziara ya mkubwa mmoja. Watoto wa shule walisimama juani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na niliona kwa macho yangu wawili wakianguka kwa njaa. Zilikuwa siku ambazo nchi ilikuwa bado na majonzi ya Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje na mbunge wa Kisumu, aliyetoweka nyumbani kwake Koru mwezi wa Februari 1990, kisha mwili wake ukaonekana karibu na kilima cha Got Alila. Nikamfikiria yeye, nikaifikiria familia yangu changa, nikakaa na kalamu yangu. Niliandika kwamba wananchi walifurika kwa furaha. Na la kuchekesha ni kwamba siku zile za Rais Moi neno lililokuwa likihubiriwa kwenye kila mkutano lilikuwa "upendo": amani, upendo na umoja. Tuliambiwa tupende, na chini ya jumba la Nyayo pale Nairobi walikuwako watu wamewekwa katika vyumba vya mateso.

Mkubwa yule bila shaka alisoma habari yangu, na bila shaka aliamini. Je, alipoteza yeye au nilipoteza mimi? Tulipoteza sote. Yeye alikosa kujua, na mimi nilikosa kusema.

JUMAMOSI YA PILI

Baada ya hospitali nilikwenda Mamboleo, kwenye uwanja mkubwa wa mpira wa Kisumu. Nilikuta nyasi, mlinzi, na upepo. Lakini nchi nzima iliuona uwanja ule tarehe 18 Oktoba 2025, siku mwili wa Raila Amolo Odinga, mwana wa Jaramogi, ulipolazwa hapo ili watu wa ziwa wamuage. Alikuwa amefariki India siku tatu kabla yake. Tangu usiku watu walikuja kwa miguu, kwa bodaboda, kwa matatu, wameshika matawi ya miti kama ilivyo desturi ya kwao ya kumwombolezea mkubwa. Wengine walizimia kwa msongamano. Kesho yake alizikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, karibu na kaburi la baba yake.

Mtu huyu hakuwa na jeshi. Hakupata kuwa Rais; aligombea kiti hicho mara 5 na mara zote 5 akatangazwa ameshindwa. Cheo chake kikubwa kabisa kilikuwa Waziri Mkuu, kutoka 2008 hadi 2013. Hakuna aliyelazimishwa kumwendea Mamboleo, wala hakuna chifu aliyepita mlango kwa mlango akihesabu vichwa. Na uwanja wenyewe, msomaji, unaitwaje? Unaitwa Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Watu waliingia chini ya jina la aliyeogopwa ili kumlilia mtoto wa aliyetiwa kizuizini.

Nilikuwa Mombasa siku ile, mbele ya televisheni, na sikuona haya kulia. Nikamwambia mke wangu: "Haya, swali la barzani limekwisha. Tazama mapenzi yanavyoweza."

Angalikuwa mimi yule wa siku ile, makala haya yangaliishia hapa, na wenye kigongo wangalikuwa wameshindwa. Lakini nimekuja Kisumu, na Kisumu kuna mtu ambaye nina deni lake.

SWALI LA MAMA

Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi ule uliovurugika, nilitumwa Kisumu. Mji ulikuwa unanuka moshi wa matairi. Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza baadaye iliandika kwamba wengi wa waliokufa Kisumu waliuawa kwa risasi. Katika mtaa wa Nyalenda nilimkuta mama mmoja, rika langu, muuza samaki, amekaa juu ya mkeka baina ya wanawake wenzake. Kijana wake wa miaka 19 alikuwa ametoka kwenda kwenye maandamano na alirudishwa juu ya mkokoteni.

Alilaani askari, nami nikaandika. Alilaani walioiba kura, nami nikaandika. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia: "Ustadh, niulizie jambo moja kwa Baba. Alipotwambia tutoke, alijua kwamba wengine wetu hawatarudi? Na huyu wangu, jina lake atalijua?"

"Baba" ndilo jina alilokuwa akimwita Raila, kama walivyokuja kumwita wengi.

Swali hilo sikuliandika. Hakuna mhariri aliyenikataza, wala hakuna askari aliyesimama mlangoni pangu. Nilijikataza mwenyewe, kwa mapenzi. Nilijiambia kwamba maadui wake watalitumia. Kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Kwamba mama yule ana uchungu na hajui asemalo. Wahenga walisema, ukipenda chongo huita kengeza. Mimi sikuita hata kengeza. Nilisema jicho ni zima.

Mwezi wa Agosti 2017 risasi zilirudi Kisumu baada ya uchaguzi mwingine, na safari ile mtoto mchanga wa miezi 6 aliuawa kwa kipigo cha polisi ndani ya nyumba ya wazazi wake, mtaa ule ule wa Nyalenda. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 uliwatia polisi lawamani. Aliyeua ni aliyeshika rungu, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Lakini mara hiyo ya pili nililikumbuka swali la yule mama, na mara hiyo ya pili pia nilinyamaza.

Safari hii nikamtafuta. Ameacha kuzunguka na samaki kwa ajili ya magoti, sasa ana kibanda kidogo karibu na soko la Kibuye, anauza omena waliokauka. Alinitambua kwa kofia yangu. Akanipa kigoda, akanitilia chai. Nikamwuliza kama alikwenda Mamboleo.

"Nilikwenda," akasema. "Nilitoka hapa saa tisa za usiku."

"Ingawa hukujibiwa lile swali lako?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Ustadh, kwani mtu humpenda asiyekuwa na swali kwake? Nilimpenda. Nilikuwa na swali. Nilikwenda nalo, na nimerudi nalo." Kisha akaongeza, huku akipepeta omena kwenye ungo: "Wewe uliandika?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia sikuandika.

Hakukasirika. Alisema tu, "Basi hata yeye hakupata bahati ya kunijibu."

Maneno hayo yalinikaa kooni. Miaka yote nilidhani nilimficha kiongozi nimpendaye aibu. Kumbe nilimnyima nafasi. Huenda angalijibu vizuri, huenda angalijibu vibaya, huenda angalikuja mkekani pale akalijua jina la kijana. Hatutajua sasa. Aliyeogopwa nilimnyima ukweli kwa hofu, na aliyependwa nilimnyima ukweli kwa mapenzi. Na kwa yule mama wa Nyalenda, tofauti ya hayo mawili ilikuwa nini?

MIZANI

Siku ya kuondoka nilikwenda kwenye ufuo mmoja karibu na mji, mahali wavuvi wanapoteremsha mbuta na ngege alfajiri. Sitautaja jina kwa kuwa niliyoambiwa ni mambo ya watu wanaoishi pamoja. Kila ufuo una kamati yake ya kuchaguliwa, ile waiitayo BMU, na kamati ina mwenyekiti. Huo nao ni utawala, tena wenye samaki na fedha ndani yake.

Wachuuzi wanawake walinisimulia habari za mwenyekiti wa zamani. Alikuwa mkali, akitokea hata mbwa wa ufuoni hunyamaza. Mizani ya samaki ilikuwa ndani ya banda, na karani wake alikuwa akiichezea. Kila mchuuzi alijua. Kila mvuvi alijua. Mtu mmoja tu hakujua, naye ni mwenyekiti, kwa kuwa hapana aliyethubutu kumwambia. Akaja kushtuka siku alipoona mashua zinapungua: wavuvi walikuwa wakiteremsha samaki usiku kwenye ufuo mwingine. Ziwa ni kubwa, msomaji, na hofu haiwezi kumweka askari katika kila mashua.

Mwenyekiti waliye naye sasa ni mtu mkimya. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitoa mizani nje, akaitundika kwenye mti mahali kila mtu anaona, na kando yake akaweka jiwe la kilo. Asubuhi yeyote atakaye, hata mtoto aliyetumwa na mama yake, huweka jiwe lile juu ya mizani kabla ya kazi kuanza. Nikawauliza wale wanawake kama wanampenda. Wakacheka. Mmoja akasema mtu yule ni mkavu, hata harambee hutoa kidogo. Mwingine akasema: "Kama tunampenda hatujui. Kilo yetu tunaijua."

Nikarudi katika fikira zangu mpaka chuoni, Mombasa, mbele ya mwalimu wetu na bakora yake. Alipenda kutusimulia kisa cha Sayyidna Umar, Khalifa wa pili. Sayyidna Umar alikuwa mtu wa kuogopwa. Inasimuliwa kwamba hata watoto walikimbia alipopita njiani. Siku moja alipanda mimbari awahutubie watu, na mtu mmoja akainuka akamkatiza: hatusikilizi wala hatutii mpaka utueleze, kila mmoja wetu amegawiwa kipande kimoja cha nguo, mbona wewe kanzu yako imetimia nawe ni mrefu? Khalifa hakuita askari. Alimwita mwanawe, Abdullah, aeleze kwamba alimpa baba yake fungu lake. Yule mtu akasema: sasa sema, tutasikia. Mwalimu wetu alikuwa akitusimulia kisa hiki kutufundisha uadilifu. Mimi sasa nakiona kwamba kinajibu swali la barzani kwa kulipindua. Umar aliogopwa, na aliulizwa. Aliulizwa kwa sababu ya kipande cha nguo, akajibu.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Wazee wetu walitofautisha kuogopa na kucha. Mtu humwogopa simba, lakini humcha Mola wake, na huko kumcha kuna heshima na kuna mapenzi ndani yake. Mwenyeji mmoja wa Kisumu alinieleza kwamba katika Kijaluo pia heshima ni "luor" na hofu ni "luoro", maneno yaliyopishana kwa herufi moja. Pengine ndiyo maana watawala wengi hukosea. Wanaona watu wameinamisha vichwa, wasijue ni kwa herufi gani.

Basi nikirudi barzani sitakaa tena upande wa kigongo, hapo sijapata kukaa. Lakini wala sitakaa upande wa mapenzi kwa utulivu niliokuwa nao zamani. Nitauliza jambo jingine. Nitauliza: mizani yake iko ndani ya banda au iko nje? Mtu akisimama na swali, hupigwa risasi, huzomewa na wapenzi, au hujibiwa? Kiongozi anayejibu atapata heshima yake, na mapenzi yakija yatakuwa nyongeza. Ama sisi wenye kalamu tuna dhambi yetu ya peke yetu: tuliogopa tulipopaswa kusema, na tulipopenda tukanyamaza vile vile.

Swali la yule mama limechelewa miaka 17 na ushei kuandikwa, na aliyeulizwa amekwisha kwenda kwa Mola wake. Leo nimeliandika. Walio hai na wanaowaambia watoto wa wenzao watoke barabarani, wajione kwamba wameulizwa wao.

Namalizia kwa beti moja, kama ilivyo ada yangu:

Atawalaye kitisha, husifiwa hadharani,
Ndimi huzinyamazisha, asijue ya moyoni,
Apendwaye hupotosha, asipoulizwa kwani,
Haki ndiyo hudumisha, cheo chataka mizani.